Mimba moja, tarehe nne za kujifungua. Nipakie mzigo wa Lubumbashi au nibaki Tanga?

MgosiWaChumbageni
21 Desemba 2024, saa 3:14 usiku

Wakuu, habari za usiku. Nimesoma humu miaka mingi bila kuchangia, leo limenifika.

Mke wangu ni mjamzito, mimba ya kwanza. Mimi ni dereva wa semi. Bosi kasema tarehe 28 napakia Dar kwenda Lubumbashi. Wanaoijua njia ile hawahitaji maelezo: Tunduma mpakani na Zambia foleni, Kasumbalesa mpakani na Kongo foleni, na kurudi vilevile. Safari iliyopita ilikula siku 24. Kwa hiyo nikitoka tarehe 28, kurudi ni Januari 20 na ushee.

Kizaazaa ni tarehe. Kwenye kadi ya kliniki wameandika 9 Januari. Programu ya simu aliyopakua wife inasema 7 Januari. Utrasaundi ya kwanza aliyopiga 11 Juni imeandika 11 Januari. Utrasaundi ya pili, ya juzi 16 Desemba, imeandika 19 Januari, na yule kijana aliyempima akamwambia "mama bado sana, mtoto ana wiki 35 na siku moja". Wakati kliniki walishamwambia anaingia wiki ya 37!

Mama yangu naye ana hesabu yake ya tano, haitaki karatasi. Anasema Rajabu ikiandama tu.

Bosi nilimwonyesha karatasi ya tarehe 19. Akaisoma, akanirudishia, akasema "ukikaza mwendo unawahi". Naombeni mnisaidie, ipi ni ya kweli?

---

Ngosha_wa_Magu
21 Desemba 2024, saa 3:31 usiku

Nne tu? Wa kwangu walimpa sita, akazaa siku ya saba ambayo haikuandikwa popote. Naweka kambi hapa.

---

Mkunga_Mzoefu
21 Desemba 2024, saa 4:02 usiku

Mgosi, mimi ni nesi mkunga, mwaka wa 19 huu nipo zahanati. Nijibu haya kwanza ndipo nikwambie:

Siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho ni lini, na ana uhakika au alikadiria tu pale dirishani? Mzunguko wake ni wa siku ngapi, unafika kwa wakati au unarukaruka? Kabla ya mimba alikuwa anatumia sindano, vidonge au kijiti? Na ile karatasi ya Juni imeandika mtoto ana ukubwa gani?

---

MgosiWaChumbageni
21 Desemba 2024, saa 4:40 usiku

Shikamoo mkunga. Nimemwamsha, kanuna kidogo lakini kajibu.

Hedhi ya mwisho ana uhakika nayo mia kwa mia, maana ilimkuta kwenye mfungo. Ramadhani ya mwaka huu, mfungo wa 22, akafungulia. Tuna kalenda ya ukutani ya duka la hadweya, pale 2 Aprili kazungushia penseli na kaandika "deni 1", kesho yake "deni 2", mpaka "deni 6". Ndizo siku za kulipa. Mzunguko ni siku 28, saa nyingine 29. Hakuwahi kutumia dawa yoyote ya uzazi wa mpango.

Karatasi ya Juni imeandika milimita 26, wiki 9 na siku 3.

---

Ngosha_wa_Magu
21 Desemba 2024, saa 4:44 usiku

Ngoja kwanza. Mlianza kufunga na Saudia au na mwezi wa kwetu? Maana Saudia walianza tarehe 11 Machi, sisi tarehe 12. Mfungo wa 22 wa Saudia ni 1 Aprili. Tayari hapo mtoto ana tarehe ya tano na nusu 😂

---

MgosiWaChumbageni
21 Desemba 2024, saa 4:47 usiku

Wa kwetu mkuu. Usinichanganye usiku huu.

---

Mkunga_Mzoefu
22 Desemba 2024, saa 1:20 asubuhi

Wa alaikum salaam kwa wote, nimetoka zamu. Huyo mkeo laiti ningempata kila siku dirishani. Wengi nikiwauliza wananiambia "mwezi wa nne mwishoni huko". Mwishoni huko ni tarehe ngapi, mama? Wanacheka. Basi nabaki kuuliza: ilikuwa kabla ya Idi au baada? Mvua za masika zilikuwa zimeanza? Mwanao mkubwa alikuwa ameshafunga shule? Hivyo ndivyo tarehe nyingi za kwenye kadi zinavyopatikana, na hakuna atakayekwambia.

Twende moja moja.

Kadi: nesi alichukua 2 Aprili, akaongeza siku 7, akapata 9, akarudi nyuma miezi 3, akapata 9 Januari. Ndiyo njia tuliyofundishwa wote chuoni. Inaitwa kwa jina la daktari wa Kijerumani, Naegele, aliyekuwa Heidelberg miaka ya 1800 mwanzoni. Inachukulia kwamba mzunguko ni siku 28 na yai linatoka siku ya 14.

Simu: imehesabu siku 280 kavu, moja moja, kuanzia 2 Aprili. Ikaangukia 7 Januari. Kwa nini zisilingane na kadi wakati hesabu ni ileile? Kwa sababu miezi haina siku sawa. Ile njia ya kuongeza 7 na kurudi miezi 3 inakupa siku 280 mpaka 283, inategemea umeanzia mwezi gani. Kwa Aprili inatoa 282. Kwa hiyo 7 na 9 ni watoto wa mama mmoja, msigombane nazo.

Utrasaundi ya Juni: hii ndiyo yenye thamani kuliko zote. Mimba ikiwa changa, chini ya wiki 14, wanapima urefu wa mtoto kutoka utosini mpaka matakoni. Katika umri huo watoto wote duniani wanakua kwa mwendo unaokaribia kulingana, awe wa Mmasai mrefu au wa mama mfupi kama mimi. Kosa lake ni siku 5 mpaka 7. Sasa mashine imesema 11 Januari na hedhi inasema 7. Tofauti siku 4. Ikiwa ndani ya wiki moja, hatuibadili tarehe ya hedhi, tunasema zimekubaliana. Ingekuwa tofauti ya siku 10 kwa mfano, tungeifuata mashine na kuiandika upya kwenye kadi siku ileile, kisha tunafunga mjadala.

Utrasaundi ya juzi: hapo ndipo mnapopotezwa. Wiki ya 36 mtoto hapimwi tena utosi mpaka matako, haenei. Wanapima kichwa, tumbo na mfupa wa paja, halafu mashine inauliza "mtoto wa ukubwa huu kwa kawaida ana wiki ngapi?" na kutoa tarehe. Kwa umri huu watoto wameshaachana. Yupo bonge, yupo mwembamba, yupo wa ukoo wa watu wafupi, yupo ambaye mama yake ana presha. Kosa linafika wiki 3 kwenda mbele au kurudi nyuma. Ile 19 Januari iliyoandikwa kwa wino mzito ni ukubwa wa mtoto uliovalishwa nguo ya tarehe. Umri wake mnaujua tangu Juni.

Na hili nalisema kwa nguvu kwa sababu nimeona madhara yake: tarehe ikishapangwa vizuri mapema, haihamishwi na kipimo cha mwishoni. Ukimfuata mtoto kwa tarehe, mtoto ambaye hakui vizuri tumboni ataonekana yuko sawa, kumbe umempunguzia umri tu. Utakaa naye "bado wiki tatu" wakati anahitaji kutolewa.

Kwa hiyo karatasi ya juzi usiitupe. Mtoto kapimwa mdogo kwa siku 12. Ni ndani ya kosa la mashine, lakini lazima aangaliwe. Nifungulie kadi, kuna safu ya kimo cha tumbo, nisomee namba za mwishoni.

---

MgosiWaChumbageni
22 Desemba 2024, saa 2:05 asubuhi

Mungu akubariki mkunga. Kadi inasoma: 12 Novemba sentimita 31. 10 Desemba sentimita 35. Presha 110/70 mara zote mbili. Mtoto anacheza sana, hasa usiku.

---

Mkunga_Mzoefu
22 Desemba 2024, saa 2:22 asubuhi

12 Novemba alikuwa wiki 32 kamili, 10 Desemba wiki 36 kamili. Kuanzia wiki 20 kimo cha tumbo kwa sentimita kinakwenda sambamba na wiki, tunaruhusu pungufu au zaidi ya 2. Yuko pungufu ya 1 na anapanda kama inavyotakiwa. Hata hivyo kesho Jumatatu aende kliniki na ile karatasi, waione, wapime tena.

---

Kipusa_wa_Likoni
22 Desemba 2024, saa 4:10 asubuhi

Niko Mombasa, nimefika kwa uzi huu nikatulia. Ndugu Mgosi, mkeo ana bahati ya mzunguko wa siku 28. Wangu mimi ni 35, tangu niko shule. Kliniki nilipoanza waliandika tarehe ya hedhi, wakazungusha lile duara la karatasi, wakanipa tarehe. Hakuna aliyeniuliza mzunguko wangu ni wa siku ngapi, na mimi nilikuwa mgeni, sikujua kama ni neno la kusema.

Kwa hesabu yao nilipofika wiki 41 nikaambiwa niingie wadi nianzishwe uchungu. Hospitali siitaji. Nimelala pale, dripu inaletwa, shangazi yangu akauliza mbona utrasaundi ya kwanza kabisa haikuangaliwa. Ilikuwa chini ya mkoba, imekunjwa mara nne pamoja na risiti za maziwa. Daktari wa zamu akaisoma, akahesabu kwa vidole, akasema "mama, wewe uko wiki 40". Akaomba radhi, nikarudi nyumbani na maagizo ya kurudi mara moja nikiona tofauti. Uchungu ulikuja wenyewe siku ya sita.

Mwenye mzunguko mrefu aseme! Yai langu halitoki siku ya 14, linatoka kama ya 21. Zile siku 7 zinaongezwa kwa tarehe.

---

Mkunga_Mzoefu
22 Desemba 2024, saa 4:25 asubuhi

Dada Kipusa umesema kweli tupu. Na mwenye mzunguko wa siku 21 zinapunguzwa 7. Lile duara halijui, anayejua ni mwenye mwili.

---

Anti_Zai
22 Desemba 2024, saa 7:48 mchana

Samahani kwa kuingilia uzi wa mtu. Mimi sina hata hiyo hedhi ya kuanzia. Nilichoma depo mara ya mwisho mwezi wa pili, nikaacha kwenda. Siku zangu hazikurudi kabisa, nikajua ni ile sindano bado iko mwilini. Wiki iliyopita nikahisi kitu kinagonga tumboni nikadhani gesi. Nimepima, ni mimba. Nahesabu kutoka wapi? Mtoto wangu wa kwanza ana miaka mitatu.

---

Mkunga_Mzoefu
22 Desemba 2024, saa 8:15 mchana

Zai, hongera, na usione aibu, wapo wengi. Baada ya depo hedhi inaweza kukaa miezi mingi bila kurudi, lakini yai linaweza kutoka kabla hujaona damu yoyote. Wanaonyonyesha nao wananasa hivyohivyo.

Aliyekwisha kuzaa huhisi mtoto akicheza wiki ya 16 mpaka 18 hivi, mimba ya kwanza ni wiki ya 18 mpaka 20. Hilo ni la kukisia tu. Lala chali, kojoa kwanza, gusa taratibu: ule ugumu wa juu ya tumbo umefika wapi? Wiki ya 12 unaugusa juu kidogo tu ya mfupa wa kinena, wiki ya 20 unafika kitovuni. Lakini usiishie hapo. Nenda utrasaundi wiki hii hii. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apige angalau moja kabla ya wiki 24, na sababu moja kubwa ni watu kama wewe. Kila wiki unayochelewa, tarehe inazidi kuwa ya kubahatisha.

Na anza kliniki. Fansidar, vidonge vya damu, kipimo cha presha, hivyo vyote tunavipanga kwa umri wa mimba.

---

Anti_Zai
22 Desemba 2024, saa 8:20 mchana

Uko vidole viwili chini ya kitovu. Kesho naenda. Asante mama.

---

Bwana_Kalenda
22 Desemba 2024, saa 1:30 jioni

Nyie mmeruka hesabu ya bibi mzaa baba na ndiyo nzuri kuliko zote. Mgosi, muulize mama yako vizuri, nadhani najua anachofanya.

Sisi Waswahili miezi tunaihesabu tangu kufungua: mfunguo mosi, mfunguo pili, mpaka mfunguo tisa, halafu Rajabu, Shaabani, Ramadhani yenyewe. Mkwe kaona siku zake kumi la mwisho la Ramadhani. Mama kaacha zile siku za mwisho za mfungo, akaanza mfunguo mosi, kahesabu mifunguo yote tisa, miezi tisa ya mimba imetimia. Kinachofuata ni Rajabu. Ndiyo maana anasema ikiandama tu.

Sasa piga hesabu. Mwezi wa kuandama una siku 29 na nusu hivi. Mara tisa ni kama 266.

---

Mkunga_Mzoefu
22 Desemba 2024, saa 1:52 jioni

Subhanallah. 266 ndiyo siku tunazofundishwa kuanzia mimba kutunga mpaka kuzaliwa! Zile 280 zinaanzia kwenye hedhi, wiki mbili kabla mimba haijaingia. Kwa mkewe Mgosi, mama kaanzisha hesabu siku nane baada ya hedhi kuanza, si mbali na siku ya yai. Miaka yote hii nawakatalia bibi zangu pale zahanati kwamba miezi ya kuandama ni mifupi itawadanganya.

---

MgosiWaChumbageni
22 Desemba 2024, saa 2:10 usiku

Nimempigia. Kasema ndivyo hivyo, na kaongeza kwamba angekuwa na simu nzuri angewajibu mwenyewe.

Basi nimeelewa: ni tarehe 7, ile 19 niiache. Nimwambie bosi ni tarehe 7?

---

Ngosha_wa_Magu
22 Desemba 2024, saa 2:14 usiku

Mgosi kaka yangu, umetuweka hapa siku nzima. Unatoka 28 Desemba unarudi 20 Januari. Tarehe 7 uko wapi? Zambia. Tarehe 9? Zambia. 11? Kasumbalesa kwenye foleni. 19? Bado. Ipi kati ya hizo inakukuta Chumbageni?

---

Mkunga_Mzoefu
22 Desemba 2024, saa 2:40 usiku

Ngosha leo kaniwahi. Tena ni zaidi ya hapo. Ile tarehe ni katikati ya muda. Wanaozaa siku ileile iliyoandikwa hawafiki hata watano katika mia, tena mimba ya kwanza mara nyingi inapitiliza kidogo. Muda wa kawaida ni kuanzia wiki 37 mpaka 42. Kwa mkeo wiki 37 zilitimia 17 Desemba, wiki 42 ni 21 Januari. Akizaa usiku wa leo huyo si njiti. Akifika 14 Januari hajazaa, hiyo ni wiki 41, arudi hospitali, asisubiri nyumbani.

Na maji yakimwagika, damu ikitoka, mtoto akipunguza kucheza, kichwa kikiuma sana au macho yakiona giza, hapo hakuna cha tarehe. Anaenda saa hiyohiyo. Begi liwe limeshafungwa, na namba ya bodaboda au teksi ya usiku anayo nani?

---

Afisa_Kazi_Mstaafu
22 Desemba 2024, saa 3:05 usiku

Nyongeza fupi. Kwa Tanzania Bara sheria ya ajira inampa baba likizo ya siku 3 yenye malipo, azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Haikupi ruhusa ya kusubiri. Kwa hiyo kwa bosi usiende na sheria, nenda na dereva mwenzako wa kubadilishana naye.

---

MgosiWaChumbageni
23 Desemba 2024, saa 10:30 jioni

Mrejesho: kliniki wamepima, sentimita 36, moyo wa mtoto unapiga vizuri. Nesi kaichukua karatasi ya tarehe 19, kasoma, kaibana nyuma ya kadi, hakubadili kitu. Kasema kama wewe mkunga.

Nimempata jamaa yangu atachukua Lubumbashi, mimi nachukua saruji Tanga kwenda Moshi. Kulala moja, narudi. Posho ni robo. Bosi kanuna, ila gari zake zote mbili zinatembea.

---

Anti_Zai
23 Desemba 2024, saa 11:15 jioni

Wiki 18 na siku 2! Nilidhani mitatu tu. Wamenipa 24 Mei. Nimeandika kwa marker kwenye friji.

---

Kipusa_wa_Likoni
23 Desemba 2024, saa 12:02 jioni

Hongera Zai. Hiyo karatasi usiikunje na risiti za maziwa.

---

MgosiWaChumbageni
4 Januari 2025, saa 5:20 asubuhi

Wakuu, jana Ijumaa saa 4 kasoro usiku, mtoto wa kiume, kilo 3.1. Mama na mwana salama, Alhamdulillahi. Nilikuwa Mombo narudi na gari tupu aliponipigia kwamba maji yamemwagika. Nilifika wodini nikiwa na vumbi la saruji mpaka kwenye kope, mlinzi alitaka kunizuia.

---

Mkunga_Mzoefu
4 Januari 2025, saa 5:41 asubuhi

Hongereni sana! Wiki 39 na siku 3, kilo tatu na pointi. Yule kijana wa mashine angemtafuta wiki ya 37. Na mwezi umeandama lini huko kwenu?

---

MgosiWaChumbageni
4 Januari 2025, saa 5:55 asubuhi

Rajabu bado changa kabisa, mama anatembea nyumba kwa nyumba akilisema hilo. Jina ameshalitangaza mtaani kabla mimi sijaulizwa, mnalijua.

Jamaa yangu wa Lubumbashi kanipigia kunipongeza. Nikamuuliza umefika wapi. Yupo Tunduma, bado hajavuka.